Kuvua Shati Mbele ya Mkwe

Alhamisi jioni, Bondeni, Nakuru. 1955, mvua za masika.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri na haioneshi dalili ya kuchoka. Bati la nyumba ya Mama Zuhura linapiga kelele hata sisikii kalamu ikikwaruza. Nguo zangu zinanuka ng'ombe, viatu viko nje ya mlango vimejaa matope ya Njoro, na mkono wa kushoto unauma kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Nina furaha. Nimeliandika neno hilo nikaliangalia mara mbili, maana humu daftarini huwa siliandiki.

Leo nimevua shati mbele ya baba yake Rasoa.

Ngoja nieleze kila kitu kama vile naanza upya. Nataka siku moja, nikiwa mzee na kurasa hizi zimegeuka manjano, nisome nielewe nilikuwa mtu wa namna gani kabla ya leo.

Nianze na kazi. Mimi napandisha ng'ombe. Sina fahali. Nina baiskeli, nina thamosi kubwa iliyojaa barafu, na katikati ya barafu kuna vichupa vya mbegu ya fahali wa serikali. Mzungu mwenye shamba akiona ng'ombe wake ameanza kutafuta dume, anapiga simu ofisini, nami natumwa. Nikifika navua shati, navaa aproni ya mpira, napaka sabuni. Mkono wa kushoto unaingia ndani ya ng'ombe mpaka karibu na bega ili ushike njia ya uzazi, na mkono wa kulia unaongoza mrija wa kioo. Mchungaji anashika mkia. Mkono usipofika panapotakiwa, mbegu inamwagika bure na ng'ombe hashiki mimba.

Hayo yote nimeyaandika bila kufuta neno. Mwezi uliopita nisingeweza kuyaandika hata kwa penseli.

Huko mashambani wananiita Fahali wa Baiskeli. Nikipita karibu na wachuma maua ya pareto, wanainua vichwa wote pamoja na kunguruma kama madume. Mtu mwingine angecheka nao yakaisha. Mimi nilikuwa nainamisha kichwa na kukanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa. Nikiulizwa nafanya kazi gani, nilikuwa najibu kwamba niko idara ya mifugo, halafu haraka haraka naulizia habari za mvua. Barua za kwenda nyumbani pia niliandika hivyo hivyo. Mama anadhani mimi ni karani.

Na si kazi peke yake. Kwenye duka la mikate watu hunipita kwenye foleni, nami nasogea nyuma kidogo ili wapite vizuri. Kule Naivasha nilikofundishwa kazi hii, mwalimu alisema darasa zima halina mikono kama yangu, kisha akaniambia nimweleze mkulima nitakachofanya, nikashindwa kufungua mdomo. Halafu kuna suruali yangu ya Jumapili. Fundi wa cherehani aliikata ikaishia juu ya vifundo vya miguu. Akauliza, "Iko sawa?" Nikamwambia iko sawa kabisa, nikamshukuru, nikaondoka nayo. Nimeivaa kanisani tangu Krismasi. Rasoa aliwahi kuniuliza, kwa upole, kama bado narefuka.

Rasoa ni msichana anayeimba sauti ya pili kanisani kwetu. Anakaa hapa mjini kwa shangazi yake. Tumeelewana yeye na mimi, na mjomba wangu anayefanya kazi reli alipeleka habari kwa baba yake, ambaye ni mtu wa huko huko kwetu lakini amekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu miaka yote. Baba akajibu kwamba amesikia na atafikiri. Tulikuwa bado tunamngoja afikiri.

Sasa shida ilivyoanza. Mwenzangu wa njia ya Njoro alikwenda likizo, nikapewa mashamba yake. Siku ya kwanza tu nikafika kwenye shamba moja la juu, karibu na msitu wa Mau, nikapokewa na mzee mmoja mrefu aliyevaa koti la jeshi.

"Mimi ni Andayi," akasema. "Nasimamia ng'ombe hapa."

Andayi ni jina la baba yake Rasoa. Hata bila jina ningemjua, kwa sababu uso ulikuwa ule ule wa Rasoa, ila huu ulikuwa na ndevu za mvi. Nikamwambia naitwa Zablon. Akaniangalia muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kumwangalia mtu aliyekuja kupandisha ng'ombe. Alijua, nami nilijua, na wote wawili tukajifanya hatujui.

Kwetu mtu hasimami kifua wazi mbele ya baba mkwe. Hata ukikutana naye njiani jua la saa saba, unasogea kando, unafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, ndipo unasalimu. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua maana ya kuoa. Sasa mkwe mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya ng'ombe, ameshika mkia, ananingoja nivue.

Sikuvua. Nilikunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko, nikaingiza mkono mpaka shati likagoma. Pale pale nilijua sijafika. Nikakisia, nikapuliza mbegu, nikasema, "Tayari, mzee," nikapanda baiskeli bila kunawa vizuri.

Baada ya wiki tatu ng'ombe yule, Roza, akaanza tena kutafuta dume. Bwana wa shamba akapiga simu kwa hasira, akasema siku hiyo hataki kumwona mtu wetu yeyote, na kama hali ni hii atanunua fahali wake mwenyewe. Bwana Mkubwa wa ofisi yetu, Mzungu pia, akambembeleza asubiri wiki tatu nyingine mpaka zamu ya ng'ombe huyo irudi. Kisha akaniita.

"Zablon," akasema, "wewe nakwenda tena kwa hii ngombe moja. Kama nakataa tena, wewe narudi josho."

Josho ndiko nilikotoka, kule tunakowatumbukiza ng'ombe kwenye dawa ya kupe. Ni kazi ya halali, lakini ilinichukua miaka kuiacha. Nikatoka ofisini maji yamenifika shingoni. Nikivua shati nimemdharau mzee, na Rasoa simpati. Nisipovua, Roza hatashika mimba, nitarudishwa josho, na mtu aliyeshushwa kazi mbele ya macho ya mkwe atakwenda kuposa akiwa na uso gani? Nilitembea na baiskeli mkononi mpaka nyumbani, nikasahau hata kuipanda.

Aliyenifungua mdomo ni Mama Zuhura. Yeye ni mwenye nyumba wangu; wazazi wake walikuja kutoka Mombasa wakati reli inajengwa na hawakurudi. Kila asubuhi anakaanga mahamri ya kuuza, na chai yake ndiyo inayoniamsha. Siku ile aliona sijala, akanibana, nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la unga. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alipopata pumzi akauliza, "Na huyo mzee, yeye kazi yake nini?"

"Anasimamia ng'ombe."

"Basi ng'ombe ni dhamana yake. Wewe umemharibia kazi yake kwa ajili ya vifungo vya shati, kisha waniambia wamheshimu! Wamwogopa tu, mwanangu. Wala hujamheshimu hata kidogo."

Nililala na maneno hayo. Mimi siku zote nimejiona kijana mwenye adabu, na watu wazima wamenisifia hivyo. Kumbe mara nyingi nilikuwa naogopa tu, na watu wakaipenda hofu yangu kwa sababu haiwasumbui.

Asubuhi yake nikaenda jikoni kuchukua chai. Mama Zuhura akaweka mkono juu ya birika.

"Kazi yako nini?"

"Niko idara ya—"

"Sikuuliza idara. Wafanya nini?"

Nikasema kwa sauti ya chini. Akaniambia hakusikia, na chai ikabaki kwenye birika. Nilikwenda kazini siku hiyo na tumbo tupu. Siku ya pili nilisema nikiangalia sakafu, akaniambia sakafu haina masikio. Siku ya tatu nilipata nusu kikombe. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba: kila asubuhi nasimama mlangoni mwa jiko, mgongo wima, natamka kazi yangu kwa sauti, yeye huku anageuza mahamri kwenye mafuta. Siku moja nilisema kwa nguvu hata dobi wa nyumba ya pili akapiga kelele kutoka uani kwake, "Tumesikia! Mpe mtu chai yake!"

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa sijawahi kuicheka kazi yangu mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikamwambia Rasoa. Nilimwambia kila kitu, mkono, mrija, mkia, na ng'ombe wa baba yake. Nilijiandaa kuona sura yake ikikunjamana. Yeye akaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo.

"Zablon, mimi nimejua tangu mwezi wa pili," akasema. "Shangazi anajua. Kanisa lote linajua. Wewe ndiye ulikuwa hujui kwamba tunajua."

"Na baba yako atasema nini nikivua shati?"

Hapo hakucheka. "Sijui," akasema. "Baba haongei. Anaangalia tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi kwa upande mmoja na mzito kwa upande mwingine. Siri niliyoificha kwa jasho haikuwa siri. Lakini mzee alikuwa bado pale pale, ameshika mkia, ananiangalia.

Jana jioni simu ikaingia. Roza yuko tayari. Niende asubuhi.

Leo nimeamka kabla ya Mama Zuhura. Nimechagua shati zuri, lile jeupe, kwa sababu nilijua litavuliwa na nilitaka likivuliwa lionekane limevuliwa na mtu nadhifu. Nimesimama mlangoni mwa jiko nikasema kazi yangu. Akanipa kikombe kizima na mahamri mawili bila kunisifu. Nilipokuwa nafunga thamosi kwenye baiskeli akasema tu, "Usikunje mikono ya shati."

Njiani kulikuwa na ukungu. Kabla ya kufika Njoro kuna kizuizi cha askari, na siku hizi za hali ya hatari kizuizi si mchezo. Mtu anaweza kushushwa hapo asionekane tena mpaka jioni, au asionekane kabisa. Safari ile nyingine waliniuliza nimebeba nini, nikasema "dawa" kwa sauti ya mtu aliyeiba. Waliniweka kando ya barabara mpaka barafu ikaanza kuyeyuka. Leo walikuwa wawili, mmoja kijana mwenye bunduki na mmoja mtu mzima.

"Kipande," akasema kijana. Nikampa kitambulisho. Akaigonga thamosi kwa kidole. "Na hii ni nini? Chai?"

"Ni mbegu ya fahali," nikasema. "Mimi napandisha ng'ombe wa Wazungu. Nakwenda kwa shamba lile la juu, kuna ng'ombe moja inaningoja. Ukifungua barafu itaingia joto, mbegu ikufe, na Bwana atauliza nani alifungua."

Kijana akarudisha kidole chake. Akamwangalia mwenzake. Yule mtu mzima akaanza kutikisika, kisha akaangua kicheko kikubwa.

"Mwachie apite haraka!" akasema. "Bibi yake anangoja! Pita, Bwana Fahali, pita!"

Nikapita. Nilipofika kwenye kona na hawanioni tena, nikashuka, nikaegemea baiskeli, miguu ikanitetemeka kidogo. Halafu nikaendelea. Naandika hili la miguu ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliamka leo nikiwa simba.

Mlima wa kwenda shambani niliupanda kwa miguu nikisukuma baiskeli, nikirudia maneno niliyoyapanga. Niliyapanga kwa lugha ya kwetu, kwa sababu jambo lenyewe ni la kwetu. Kila nikifika mwisho nilikuwa nayasahau mwanzo. Mwishowe nikayaacha.

Bwana wa shamba alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda la kukamulia, mikono mifukoni. "Leo kazi mzuri," akaniambia, na haikuwa salamu. Mzee Andayi alikuwa ndani na Roza, ng'ombe mwekundu mwenye madoa meupe na macho ya upole. Alikuwa amemfunga vizuri kwenye kizimba na kuweka debe la maji ya moto karibu. Akanisalimu kama anavyosalimiwa mgeni. Akashika mkia.

Nikaweka thamosi chini. Nikafungua kifungo cha kwanza, vidole vikagoma kwenye cha pili.

Basi nikapiga moyo konde.

"Mzee," nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, Roza akatikisa masikio. "Mimi unanijua ni nani, na wewe nakujua. Safari ile sikuvua shati kwa sababu yako, na mkono wangu haukufika. Ndiyo maana ng'ombe hakushika. Leo nitavua. Si kwamba nakudharau. Nataka ng'ombe wako azae."

Nje matone ya kwanza yalikuwa yanaanza kugonga bati. Mzee hakuachia mkia. Macho yake yalikuwa yale yale ya Rasoa, lakini sikuweza kusoma kitu ndani yake.

"Nini?" Bwana akauliza kutoka mlangoni, maana lugha yetu haijui. "Nini yeye nasema?"

Mzee akageuza kichwa pole pole. "Hakuna kitu, Bwana," akajibu kwa Kiswahili. "Anasema ngombe iko tayari."

Kisha akanigeukia mimi, kwa lugha yetu, akanyoosha mkono wake ulio huru. "Lete hilo shati. Utaliweka wapi, kwenye matope?"

Nilimpa. Alilikunja kwa mkono mmoja, akaliingiza ndani ya koti lake la jeshi, upande wa kifuani. Nikasimama mbele ya mkwe wangu bila shati, na baridi ya Mau ikanipiga mbavuni, na dunia haikuanguka.

Nikavaa aproni. Nikapaka sabuni mpaka begani. Kuanzia hapo sina mengi ya kusema kwa sababu mikono inajua kazi yake ikiachwa iifanye. Mkono uliingia mpaka nikalaza shavu kwenye nyonga ya Roza. Nilipapasa bila haraka, nikapata, nikashika. Katikati Roza alisogea, nami bila kufikiri nikasema, "Shika sawasawa, mzee! Usimwache azunguke!" Baada ya neno kutoka ndipo nikakumbuka nazungumza na nani. Mzee alishika sawasawa. Nikaongoza mrija, nikauhisi ukipita panapopaswa kupita, nikapuliza taratibu.

Mkono ulifika. Hilo hakuna atakayeniambia vingine.

"Tayari, Bwana," nikasema kwa Mzungu, nikimwangalia usoni. Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kwenye mvua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike leo badala ya kulala. Nilikuwa natafuta mahali pa kunawa. Mzee Andayi akaliinua lile debe la maji ya moto, akasimama mbele yangu, akaanza kunimwagia. Baba mkwe ananimwagia maji mkononi! Nilitaka kumnyang'anya debe. Ulimi ulikuwa tayari kusema hapana mzee, acha nifanye mwenyewe, samahani mzee. Nikaufunga mdomo, nikanyoosha mkono, nikanawa. Alimwaga pole pole kutoka begani kuteremka mpaka vidoleni, na pale sabuni ilipobaki nyuma ya kiwiko akanionesha kwa kidevu.

Akatoa shati ndani ya koti. Lilikuwa kavu, lina joto. Nikavaa, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Roza alizaliwa mikononi mwangu," akasema. "Mama yake alikufa siku hiyo hiyo. Nilimlea kwa chupa." Akampapasa Roza mgongoni. "Safari ile niliona hukufika. Nilingoja useme. Ukapanda baiskeli."

"Niliogopa, mzee."

"Nilijua." Akapangusa mikono kwenye koti. "Jumamosi nina ruhusa, nitakuwa mjini kwa dada yangu. Kuja na mjomba wako."

Nikasema ndiyo, mzee, na nadhani nilisema mara nne. Nilifunga thamosi kwenye baiskeli. Nilipokuwa nimekwisha kupanda baiskeli na kufika langoni akaniita kwa nguvu, mbele ya wachungaji wote waliojikinga mvua chini ya paa.

"Zablon! Hiyo Jumamosi, kuja umevaa shati!"

Alisema bila kutabasamu. Lakini aligeuka haraka kurudi ndani, na nikaona mabega yake yanatikisika chini ya lile koti.

Nimeteremka mlima wote mvua ikinichapa. Wachuma pareto walikuwa wamejibanza kwenye kibanda na magunia vichwani. Waliponiona wakanguruma kama kawaida yao. Nami nikanguruma, tena kwa nguvu, mpaka mama mmoja akaangusha kikapu kwa kucheka. Sijui ng'ombe dume wa kweli angesema nini akinisikia. Nilijisikia vizuri mpaka Nakuru.

Sasa niko hapa. Mama Zuhura amekwisha kusikia, na majirani wanne wamekwisha kusikia kutoka kwake. Ameniuliza kama nililia mzee alipokuwa ananimwagia maji. Nimemwambia ilikuwa mvua.

Sijui kama Roza atashika. Itabidi tungoje wiki tatu, na ng'ombe wana mambo yao hata mkono ukifika. Asiposhika huenda nikarudi josho kweli. Nikirudi, nitarudi nikiwa nimefanya kazi yangu sawasawa, na nitamwambia Bwana Mkubwa hivyo, kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama wima. Sijui kama Mzee Andayi atatoa jibu tunalolitaka. Ninachojua ni kwamba nimekwisha kumwambia neno moja la kweli uso kwa uso, na la pili haliwezi kuwa gumu kama lile.

Barua kwa Mama nitaiandika Jumapili. Si karani. Nitamweleza ni nini. Nitaanza na habari za mvua kidogo, halafu nitamweleza.

Kuna jambo moja la mwisho. Nimeitoa suruali ya Jumapili kwenye sanduku, nikaivaa, nikasimama katikati ya chumba. Vifundo vyote viwili viko nje. Nimepapasa pindo kwa ndani: fundi alikunja kitambaa cha kutosha, kinaweza kuteremshwa. Kumbe tangu Krismasi dawa ilikuwa ndani ya suruali yenyewe, ikingoja mtu aiombe.

Shati ninalo. Kesho duka la fundi likifunguliwa nitakuwa wa kwanza mlangoni, sitampisha mtu, na akiniuliza kama iko sawa nitamwambia hapana.